Gauni la Mama Kwenye Kamba za Watu

Jumatatu, 4 Machi
Dalali wa nyumba kanipa cheo. Afisa Uhai! Cheo nimekitunga mwenyewe — yeye kasema tu nianike nguo kwenye nyumba tupu, ili wateja wa Jumamosi wadhani mtaa una watu. Tangu benki zianguke, kiwanda tulichoahidiwa hakikuja, wafanyakazi wake nao hawakuja. Mtaa mzima mpya, vitasa bado vina nailoni. Kule jiji kuu, Kaka na wenzake wamejazana chumba kimoja, wanalala kwa zamu. Aliyepanga hivi ningemfukuza kazi.

Jumatano, 6 Machi
Nguo nimezitoa kwenye kamba ya Mama. Mtaa umependeza, hata mimi nilitaka kupiga hodi. Mama kauliza gauni lake la maua liko wapi. Nikamjibu liko kazini.

Ijumaa, 8 Machi
Mama kazikomboa nguo zote. Nimeficha gauni tu.
Dalali hatanii. Kesho asipouza hata nyumba moja, anafunga ofisi anahamia jiji kuu, kule wanagombania hadi stoo. Na mimi? Kaka anasema nafasi ipo, chini ya meza. Mama kasikia. Kaniongezea chakula. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 9 Machi
Wamekuja! Mume na mke, walimu wastaafu, kodi ya jiji imewashinda. Gauni ni moja, kamba nyingi — basi nikawa napita uani, naanua, nawatangulia, naanika. Mbio zangu nazijua mwenyewe. Nyumba ya tatu mke akasimama.
“Huyu mama wa gauni la maua ana nyumba ngapi?”
Dalali akasema ndiyo fasheni ya huku. Mke akataka kumwona mwenyewe. Nikamfuata Mama nyumbani, nikamfundisha njia nzima la kusema. Kazi bure.
“Maji yapo, utulivu upo,” Mama akamwambia. “Watu ndio hawapo. Mkubwa wangu jiji lilishamchukua. Msiponunua, na huyu anaenda. Ndiye aliyekuwa anakimbia na gauni langu.”
Dalali kalegeza tai, kakaa kizingitini. Mke hakucheka. Kamshika Mama mkono, wameingia ndani. Naandika chini ya dirisha.
“Dada, nanunua,” namsikia. “Lakini uhamie hapo jirani, kweli kweli.”
Sisi tunakaa ng’ambo ya mji, nyumba aliyoijenga marehemu Baba kwa mikono yake. Mama bado hajajibu. Dalali ananikodolea macho kama mimi ndiye benki —