Habari Anazotusomea Mume Wangu Hazimo Gazetini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, jambo hili hata dada yangu sijamwambia. Mimi ni mshona nguo, utotoni sikusoma, na tangu tuoane mume wangu, fundi bomba, akirudi kazini hukaa na gazeti akatusomea mimi na binti yetu, na anasoma kwa madaha mpaka majirani wanakuja kusikiliza. Sasa nimejiunga na kisomo cha watu wazima, mwalimu wetu hana vitabu, anatufundisha kwa magazeti, tunakata vichwa vya habari kwa mkasi na kupanga maneno, nami nashukuru naanza kusoma. Majuzi mume wangu akawa anatusomea habari ya simba aliyeingia sokoni, nikachungulia begani kwake, nikaona imeandikwa "Bei ya Saruji Yapanda". Nikadhani nimekosea. Siku ya pili yeye anasoma harusi, gazeti linasema mafuriko. Mshauri, mume wangu hajui kusoma! Nikalificha, nikaona ndiyo heshima. Kumbe shuleni kwa binti yetu nao wanasomea magazeti, akaambiwa asome habari moja na baba yake, akaja mbio, "Baba, nisomee hapa niandike," naye akamnyang'anya gazeti, akalichana. "Gazeti si la kuchezea!" Mtoto alilia, na sasa baba akiingia, yeye anatoka. Nikisema najua, nitamvunja mwenzangu. Nikinyamaza, nampoteza mtoto. Nifanyeje?

Mshona nguo

Mama wa cherehani, pole sana, na hongera kwa kusoma. Ila nikugombeze kidogo: huko kunyamaza unakuita heshima, kumbe umemwacha mumeo peke yake na aibu yake. Hakulichana kwa ukali, alilichana kwa hofu. Na mtu anayetunga habari kila jioni ili nyumba yake icheke, huyo anawapenda.

Usimseme mbele ya mtoto, wala usimtanie. Mkiwa wawili, anza na yako: siku ya kwanza darasani ulivyojisikia. Kisha mwambie, "Najua, mume wangu, na hujapungua kitu kwangu." Akifoka, usijibizane naye, atatulia. Baba mwenyewe amwombe binti radhi, kwa kinywa chake. Jioni mtoto asome, baba asikilize.

Halafu nenda naye darasani. Akigoma mlangoni, usimvute. Kaa naye pale nje mpaka moyo utulie, ndipo muingie pamoja.