Jumapili, Feni Zikizimwa

Laini ya Kiwanda, Kericho
3 Machi 1974

Mwanangu Mokaya,

Pokea salamu zangu mimi mamako. Baba yako anakusalimu, kifua kimepungua. Dada yako Phelis anakusalimu, anasema usinenepe huko ukamsahau. Nyanya Syprose anakusalimu, meno yamebaki mawili na bado anatafuna mahindi. Jirani Chepyegon anakusalimu, na jogoo wake pia, yule adui yako. Sisi wazima. Wasiwasi ni juu yako.

Jirani yetu mwingine, Nyamwange, alipotoka kukuona hospitalini alituambia, "Yule hafungi macho. Anameza vidonge na bado anatembea wodini." Mokaya baba, ni zile sauti tena? Zinaanza kukiwa kimya? Wewe ulizaliwa hapa, feni za kiwanda za kukausha majani ya chai zikinguruma nyuma ya ukuta. Jumapili zikizimwa ulikuwa unalia, mpaka nisage wimbi kwa jiwe ndipo ulale. Mwambie Sista akuweke karibu na mashine, hata ya kufulia nguo. Usione haya.

Mama yako,
Yunia

Hospitalini, Nairobi
29 Machi 1974

Mama mpendwa,

Wasalimie wote, isipokuwa jogoo. Ulijuaje ni kimya? Daktari anauita ugonjwa wangu skizofrenia. Habari ya feni aliicheka, halafu akaacha kucheka, akaniuliza maswali mengi. Amebadilisha saa ya vidonge, na kitanda changu sasa kimepakana na chumba cha dobi. Mashine ikinguruma, zile sauti zinakuwa kama watu wanaogombana nyumba za laini nyingine. Nalala, Mama! Sindano naendelea nayo. Nikiendelea hivi ataniruhusu nirudi nyumbani. Nawaza tu ule ukuta wetu na feni zake.

Mwanao,
Mokaya

Hospitalini
2 Juni 1974

Mama,

Hamjambo? Nimeandika tena na tena, sijajibiwa. Kimya chako nacho kinaongea. Daktari ameniruhusu, anangoja nimwambie naenda wapi. Kama hamnitaki nyumbani, semeni tu.

Mokaya

Chepseon
11 Juni 1974

Mokaya baba,

Pokea salamu zangu, za wengine utazipata mlangoni. Nani hakutaki? Baba yako amestaafu, na ukistaafu nyumba ya laini unairudisha kwa kampuni. Tumehamia kashamba hapa Chepseon. Ni kuzuri, lakini hakuna kiwanda. Kimya, baba, mpaka unasikia ng'ombe akicheua. Barua zako Chepyegon alituletea zote. Niliogopa kujibu. Nilisema, akijua hatakuja, ama atakuja na zile sauti zimfuate.

Juzi nilimtuma Phelis kwa Chepyegon akachukue lile jiwe tuliloliacha. Alilileta akinung'unika njia yote: "Mama, kwani posho mill imekataa kukusagia?" Jioni nikasaga. Nyanya alisinzia na uji mkononi.

Sindano utapigwa zahanati, nimeuliza. Jiwe nitasukuma mimi. Nikichoka, Phelis atashika, aache kunung'unika.

Niandikie upesi siku unayokuja, nianike wimbi mapema.

Mama yako,
Yunia