Soksi kwenye Kamba ya Nyumba Yako

Ijumaa jioni

Kaka yangu mpendwa,

Habari za huko, na za wifi na watoto? Mguu wako umepona, au bado unapanda ngazi huku ukizitukana moja moja? Sisi tupo, tunapumua. Mpwa wako amenipita kimo, na siku hizi akitaka kunichokoza ananiwekea mkono begani kana kwamba mimi ndiye mtoto. Anakusalimu sana.

Barua yako imefika. Ni ya tatu, na zote zinauliza jambo moja: nyumba itauzwa lini. Umeniambia mnavyobanana watu sita katika vyumba viwili, na kwamba wifi amechoka kupikia koridoni. Nimeisoma hadi imechakaa kwenye mikunjo. Nitakujibu, ila nivumilie nianzie mbali kidogo, maana jambo lenyewe linatoka shuleni.

Unajua kazi yangu pale ni karani wa uandikishaji. Shule yetu ni ya serikali, ya watoto wa kitongoji kile tu, lakini tangu matokeo yake yaanze kung'ara kila mzazi wa mjini anataka mwanawe asome pale. Basi wenyeji wakaunda kamati ya kukagua makazi. Mwenyekiti ni mpima ardhi mstaafu ambaye wanafunzi wanamwita Mzee Futi. Aliyeifundisha kazi kamati hiyo ni mimi. Niliwaambia bili za maji na umeme mtu anaweza kuziazima kwa jirani, kwa hiyo wasihangaike nazo, watazame kamba ya nguo. Mwanafunzi anapolala ndipo soksi zake zinapokauka. Zetu zina mstari wa kijani, zinaonekana tangu barabarani. Walicheka sana, kisha wakaliandika wazo langu kwenye utaratibu wao.

Tumewanasa wengi kwa njia hiyo. Wa mwisho alikuwa binti wa mama mshonaji, yule yule anayeshona sare za shule. Anwani aliyotupa ilikuwa ya mteja wake. Tulikuta kamba tupu, na kitanda walichotuonyesha kilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Kesho yake mama huyo alikuja ofisini, akaniomba nimwachie binti hadi mtihani wa mwisho, miezi minne tu. Nikamjibu kwamba sheria ni sheria, nikalikata jina la mwanawe kwa kalamu nyekundu huku anatazama. Akasema asante dada, akatoka. Angenitukana ningelala vizuri.

Mpwa wako alikuwa akikaa dawati moja na binti huyo. Siku ile hakula. Aliniuliza tu kama ile kalamu nyekundu bado ninayo.

Nadhani umeanza kunielewa. Nilipoihama nyumba yako ya kule karibu na shule ili uiuze, nilikuja kupanga huku, mabasi mawili kutoka shuleni. Shule ya huku haina hata mwalimu wa kemia, na mtoto anataka uuguzi tangu aanze kusema. Sikubadilisha anwani yake. Kwenye daftari langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, bado anaishi kwako.

Kwa hiyo kila Jumamosi nabeba soksi mbichi ndani ya mfuko, napanda mabasi mawili, naanika kwenye kamba ya nyumba ambayo haina hata kijiko. Maji yakinichuruzikia mapajani, abiria wa pembeni anajisogeza. Shule ikifungwa napata nafuu, lakini muhula ukifunguliwa tu narudi kwenye kamba yangu kama mbuzi. Nimechoka, Kaka. Nimechoka mpaka kucheka kunaniuma.

Tangu Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo nami nilikuwa na homa, sikuweza kwenda kuzianua. Juzi Jumatano Mzee Futi aliingia ofisini, akaweka juu ya meza yangu kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na soksi, zimekauka, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyozikunja mimi. Alisema amekuwa akipita pale asubuhi akifanya mazoezi ya kutembea, akaziona zinalowa siku zote hizo, mkewe akazikausha. Akauliza kama tulikuwa tumesafiri. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi ni vizuri mmerudi, kwa sababu wazazi wamelalamika kwamba wafanyakazi hawakaguliwi, na kamati itaanza na nyumba yangu Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Eti niwe mfano kwa wengine, kwa kuwa mimi sina cha kuficha. Nilimtazama usoni nione kama anajua, sikuona kitu.

Sasa nije kwenye swali lako. Nilikuandikia kwamba wanunuzi wanakuja na kupotea. Si kweli. Wamekuja wawili, na wote niliwafukuza mimi. Wa kwanza nilimwambia paa linavuja. Wa pili, dereva wa treni, aliipenda sana, mkewe akaanza hata kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, nikawaambia kuna ugomvi wa kifamilia na kwamba wewe ni mtu wa kesi. Nilikuchafua jina, Kaka, ili soksi zikauke. Kila mlipokuwa mnabanana huko, ni mimi niliyewabana. Nisamehe ukiweza. Namba ya dereva wa treni nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie.

Na humu ndani ya bahasha utakuta ufunguo. Mwingine hakuna. Najijua mimi: nikibaki nao, Jumatatu alfajiri nitatandika kitanda, nitaanika soksi, nitamkaribisha Mzee Futi kwa tabasamu, na kesho yake nitakata jina la mtoto wa mtu mwingine. Kwa hiyo asubuhi, posta ikifungua tu, naituma bahasha hii. Wakija watanikuta nimesimama nje ya mlango nisioweza kuufungua. Mpwa wako nimemwambia. Akaenda kuanika soksi zake hapa hapa, dirishani kwetu.

Nisalimie wifi, na mwambie nitamwomba radhi kwa mdomo wangu. Wabusu watoto mmoja mmoja, nawe uangalie huo mguu. Ukinijibu usiandike kupitia shuleni, wala kwa anwani ya nyumba yako. Anwani ya ninakoishi nimeiandika nyuma ya bahasha. Ni mara ya kwanza naiandika popote.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba wa mama