Nyanya, Wameziacha Nyimbo Zako Nje ya Wasifu

Nyanya yangu mpendwa,

Nina hasira. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akiwa na hasira aandike polepole, kwa sentensi zilizonyooka, kwa hiyo nakuandikia polepole. Barua hii naiacha wazi kwa makusudi, ili waliokaa kwenye kamati ya mazishi yako nao waisome.

Wasifu wako ulitufikia hapa Doha kupitia simu ya Mama, kabla hujazikwa. Baba alikuwa ameshasafiri kwenda nyumbani. Mama na mimi tulibaki, kwa sababu tikiti ilipatikana moja na mimi nilikuwa na mitihani. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni. Ulizaliwa, ukabatizwa, ukaolewa na mfanyakazi wa reli, ukajaliwa wana wawili, ukawa mwekahazina wa chama cha akina mama kanisani. Trekta ya Babu imepewa aya nzima. Nyanya, trekta! Iliharibika kabla mimi sijazaliwa, na hadi rangi yake imetajwa. Lakini ile miaka ya sitini uliyoimba kwenye televisheni Nairobi haimo. Hata neno moja.

Nilimpigia simu Baba Mkubwa, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati.

"Baba Mkubwa, mbona hamkuandika kwamba Nyanya alikuwa mwimbaji?"

"Aliimba kwaya. Imeandikwa hapo, soma vizuri."

"Mimi nasema televisheni. Na bendi."

"Wewe mtoto, umekaa huko Doha kwenye ubaridi wa eisii yako, unataka kutuwashia moto huku? Mchungaji atakuwa pale mbele. Wazee wa kanisa watakuwa pale. Mambo ya bendi yaliisha."

"Hayakuisha. Yalikatazwa."

Akacheka kile kicheko chake cha kumaliza mazungumzo. "Haya, iko wapi kanda? Lete kanda, nami nitaandika."

Anajua vizuri kwamba kanda hakuna. Ulituambia wewe mwenyewe, ule mwaka ulioishi nasi hapa mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud, tulipokuwa tukitazama pamoja mashindano ya uimbaji. Unakumbuka ulivyowakosoa? "Huyu anaimba kwa nywele," ulisema juu ya msichana mmoja. "Sauti ameisahau nyumbani." Mama alicheka mpaka akaweka chai chini. Hapo ndipo ulipotueleza kuhusu kile kipindi chenu cha Jumamosi, chenye mchekeshaji, mwanamazingaombwe, wanasarakasi, kisha wanamuziki waliokuwa wakivuma nchi nzima. Kilikwenda hewani moja kwa moja. Ukikosea, nchi imekuona umekosea. Na siku chache walizorekodi, ulisema, kanda zilikuwa ghali, basi juu yake walirekodi mpira.

Ulitueleza pia kuhusu gauni. Nguo nyeupe ilikuwa inawaka mbele ya kamera, watazamaji hawaoni uso, wanaona mwanga tu. Kwa hiyo gauni lako jeupe, lile pekee zuri ulilokuwa nalo, ulilitumbukiza kwenye sufuria ya chai ya rangi na kulianika. Kwenye televisheni likaonekana jeupe kabisa. "Watu walisifu weupe wake," ulisema, "na mimi nanuka majani ya chai." Nani anaweza kubuni jambo kama hilo? Sasa natakiwa kuleta kanda.

Sikujua sababu ya ukimya wa watu hadi siku ile tulipokwenda kutembea ufukweni Al Wakrah. Nilikuuliza kwa nini uliacha. Ukaniambia kwamba mzee mmoja wa kanisa alikuona kwenye televisheni, mabega wazi, ukiimba mapenzi karibu na mpiga gitaa. Jumapili iliyofuata ukatengwa. Uliketi benchi la mwisho, Meza ya Bwana ikakupita, mpaka siku ulipokubali kusimama mbele ya watu wote na kutubu.

"Na yule mpiga gitaa?" niliuliza.

"Alikuwa muumini wa kanisa hilohilo."

"Naye alitengwa?"

"Yeye walisema ni kazi yake."

Nyanya, kila nikiyakumbuka maneno hayo damu inanichemka. Wimbo mmoja, jukwaa moja, jioni moja. Yeye akawa mwanamuziki mashuhuri, wewe ukawa mwenye dhambi. Alipofariki, redio ilipiga nyimbo zake kutwa nzima, na mchungaji wenu akamsifu kaburini kwamba alitumia kipaji alichopewa na Mungu. Habari hizo zilikukuta ukiwa hapa kwetu, umeketi, unachambua mchele. Hukulalamika. Ulisema tu, "Alikuwa anachelewa kuingia kwenye kiitikio. Mimi ndiye niliyekuwa namvuta."

Mimi sina uvumilivu wako. Siku ile Al Wakrah nilikuuliza kama ulitubu kweli. Ukasema, "Nilisimama, nikasema nimekosa, kwa sababu watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanawazomea wanangu. Niliahidi sitaimba bendi tena. Sikuahidi kusahau." Kisha ukaniimbia wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, huku tunatembea. Akina mama waliovaa abaya walitupita wakisukuma vigari vya watoto, nawe hukupunguza sauti.

Basi nilimwomba Baba kwa simu aongeze sentensi moja tu kwenye mazishi. Unamjua Baba. Kule kazini kwake, hotelini Al Sadd, anawaamuru walinzi kutwa nzima, lakini mbele ya kaka yake anakuwa mtoto. "Nitaona," alisema. Wasifu ukasomwa vilevile, wakakuzika pamoja na trekta.

Ijumaa iliyopita, baada ya ibada, maana huku kanisa letu husali Ijumaa, watu wetu walikuja nyumbani kukukumbuka. Baba alikuwa amerudi, amesimama karibu na mlango kwa kuwa viti havikutosha. Mama Rukia, jirani yetu kutoka Unguja, alikuja na sambusa na kuketi na akina mama. Mimi nilipewa wasifu niusome. Nilisoma vizuri, kama ulivyonifunza, nikipumua kwenye nukta. Trekta niliiruka. Nilipofika mwisho nilikunja karatasi, nikasema: "Kuna jambo halikuandikwa. Nyanya yangu alikuwa mwimbaji. Aliimba kwenye televisheni."

Mtu mmoja alikohoa.

"Ala! Televisheni khasa?" Mama Rukia akauliza. "Na sisi tulikuwa tukimpa habari za mboga tu!"

Wengine wakacheka kidogo. Mimi nilimtazama Baba, nikingoja kukaripiwa mbele za watu.

"Alikuwa anaimba kila Jumamosi," Baba alisema. "Mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja, kwenye ukumbi, na watu walijaa mpaka nje. Mimi nilikuwa mdogo, sioni kitu, basi kaka yangu alikuwa ananibeba mabegani. Mama akitokea tu, kaka anapiga kelele mpaka ukumbi mzima unageuka. 'Huyo ni mama yetu! Huyo ni mama yetu!'"

Alijipangusa uso kwa kiganja, akaenda jikoni.

Nyanya, bado nina hasira, lakini sijui tena niielekeze wapi. Mvulana aliyepiga kelele vile alifundishwa kuona haya, na waliomfundisha walikaa viti vya mbele kwenye mazishi yako. Barua hii, hadi hapa, nimeshamtumia Baba Mkubwa. Hajajibu. Mama anasema ameshaisoma, na kwamba alimpigia Baba simu wakaongea muda mrefu kwa sauti ya chini.

Jiwe la kaburi lako litachongwa mvua zikiisha. Nimemwandikia Baba Mkubwa kwamba "Mwimbaji" ni neno fupi, litatosha chini ya jina lako hata jiwe likiwa dogo.

Pumzika, Nyanya. Na huko uliko, kama kuna kwaya, usikubali kuwekwa benchi la nyuma.

Mjukuu wako wa Doha