Makopa Kwenye Viroba vya Salfa

Jumatano, 11 Juni 2025
Likizo. Baba ameanza kupulizia salfa mikorosho, majani yote manjano. Mdogo wangu Amiri kajificha uvunguni, kelele za bomba zinamtesa. Ana miaka sita, hasemi. Shangazi Mwanaidi karudia yale yale: “Si huyo mama yako, alikula mayai akiwa na mimba yake!” Mama alikuwepo. Ana mimba nyingine sasa, miezi minne.

Alhamisi, 12 Juni
Nimesoma kitabu cha maktaba kuhusu usonji, hali ya Amiri. Mara nyingi hurithiwa. Mayai — hamna! Nilitaka kumkimbilia mama. Kisha ukurasa unaofuata: watafiti wanachunguza pia dawa za mashambani, kama mjamzito akizivuta au kuzila. Haijathibitishwa, kinasema. Salfa haikutajwa. Nimetafuta mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetumwa kuchukua makopa ya kutwanga. Muhogo wetu mkavu unakaa kwenye viroba vya salfa, maana panya hawavitoboi. Mama huvifua mwenyewe na kuvianika, kila mwaka. Leo nimegeuza kimoja. Maandishi yamefifia: USIHIFADHI CHAKULA HUMU.
Ugali nikaula. Niliona aibu kukataa. Mama akala sana.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwambia baba, kwa sauti ya mbu. Akacheka. “Mwanangu, si na wewe umekulia viroba hivyo hivyo? Mbona darasani unaongoza?”
Kweli, mbona?

Jumatatu, 16 Juni
Nimeyamwaga makopa. Viroba vitatu, shimoni, na majivu juu. Chakula cha hadi Septemba!
Mama kanikuta. Hakunipiga. Kaniuliza nina wazimu? Nikamsomea maandishi ya kirobani, kisha nikamsomea kitabu — vyote, hata ule ukurasa. Mjinga mimi! Nilidhani ataogopa kwa ajili ya huyu aliye tumboni. Kumbe akamtazama Amiri.
“Kwa hiyo ni mikono yangu hii?”
Nikasema hapana mama, hawajui, wenyewe wameandika hawajui.
“Hawajui,” akasema. “Kwa hiyo yawezekana.”
Kakaa chini, pale pale kwenye majivu. Kasema baba atajua, lakini Shangazi, wifi yake, asijue kamwe.
Naandikia chumbani. Shangazi kaja na ungo wake, yuko uani, anauliza makopa yamekwenda wapi. Mama anafagia tu. Shangazi ananiita mimi, kwa jina, mara ya pili sasa —