Kucha Zilizoitiwa Wazee

Marafa,
5 Agosti 1984

Kwa mkaza mwanangu Nyakio,

Salamu nyingi. Hujambo? Sisi huku hatujambo ila njaa, na njaa ya mwaka huu ni ya kila mtu. Tunakula unga wa njano wa serikali na tumbo limeshazoea. Goti langu la kushoto linauma asubuhi, mchana linasahau. Mwalimu wetu wa ngumbaru ametufunza kwamba barua haianzi kwa ugomvi, ndiyo maana nimekusalimu kwanza. Sasa nimemaliza.

Gona alikuwa hapa Jumamosi. Hakula. Mwanangu akikataa mihogo ya nazi najua kuna jambo. Akaniambia umegeuza chumba chenu cha Maweni kuwa duka la kucha, wanawake wanaingia na kutoka, na wewe umekaa mkekani tangu asubuhi umeshika vidole vya watu unavichora maua. Akaniambia umeharibu harusi ya watu wakubwa huko Shela, na hao ndio matajiri wake, wenye lori analoendesha. Anasema umemtilia kitumbua chake mchanga.

Nyakio, mimi na shemeji yangu Karisa ndio tuliokuja Gongoni kukuposa, wakati ule baba yako akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Watu walinicheka: Kahonzi, wasichana wa Kigiriama wameisha hata umfuate Mkikuyu? Niliwaziba midomo. Usiwafanye waanze tena. Kucha ni za kukatwa. Mwanamke mwenye kucha ndefu za rangi atasonga ugali kwa nini, kwa miguu? Acha mambo hayo, umpikie mumeo.

Nijibu upesi.

Mavyaa wako,
Kahonzi


Maweni, Malindi,
12 Agosti 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima wa mwili. Pole kwa goti. Pasha mafuta ya nazi kidogo, ulikande kabla ya kulala.

Nitakueleza yote, maana Gona amekueleza nusu. Ile saluni ya hoteli nilikokuwa nikifanya kazi, unaikumbuka. Nilifagia nywele pale mwaka mzima, lakini macho yangu yalikuwa mezani, kwa mama aliyekuwa akitengeneza kucha za wageni. Saluni ilipofungwa sikupewa hata kitana, ila yale niliyoyaona hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Nikaanza nyumbani kwa beseni na taulo. Wauguzi wanakuja, walimu wanakuja, wake za wenye maduka wanakuja. Wanaingia mikono imekunjwa wakiona haya, wanatoka wakiitazama mikono yao njia nzima.

Ya Shela ni kweli. Niliitwa nimtengeneze bi harusi, Tima. Walipomaliza kumpaka hina mikono na miguu, mimi nikampaka kucha rangi nyekundu, na kila ukucha nikaupa ua jeupe la nukta tano kwa kichwa cha pini. Zilikuwa nzuri, mama, siwezi kusema uongo. Kisha akaingia bibi yake, Bi Khultum. Akamshika mkono, akasema, "Na mtoto huyu ataswali vipi? Rangi hii yazuia maji kufika kwenye ukucha. Udhu hautimii." Wanawake wa nyumba ile hupaka rangi siku zao za kutoswali tu, na sisi wa bara tunanawa tu, hatujui udhu. Dawa ya kutolea rangi ilikuwa imeniishia. Wakaikwangua kwa wembe, Tima akachanjwa kidole, na damu ikadondoka kwenye leso yake mpya.

Hilo kosa ni langu. Lakini Gona aliporudi hakuniuliza kitu. Alichukua vichupa vyangu vya rangi, kumi na viwili, akaenda kuvitumbukiza chooni kimoja kimoja, mimi nimesimama mlangoni nasikia.

Ugali nasonga kila siku. Mwulize kama amewahi kulala na njaa. Nakuheshimu, mama, na mengine yote nitakutii. Hili sitaacha.

Mkaza mwanao,
Nyakio


Marafa,
2 Septemba 1984

Kwa Nyakio,

Hujambo, mkaidi? Mimi sijambo. Yale mafuta yamesaidia goti lakini sikushukuru, nina hasira nawe.

Barua yako nilipofika penye "sitaacha" niliikunja nikaitia kwenye kikapu cha kuku, atakayetaka aitagie. Ikakaa humo wiki nzima. Kisha nikaitoa, nikasoma tena pale penye habari ya choo. Vichupa kumi na viwili! Gona ni mwanangu, nimemnyonyesha miaka miwili, lakini hilo la kutupa kazi ya mtu chooni hakulipata kwangu. Marehemu baba yake alikuwa mkali kuliko siafu, na hata yeye hakuwahi kuligusa jembe langu.

Sasa nisikilize. Kosa lako si rangi. Kosa lako ni kuingia nyumba ya watu bila kuwauliza wanaswali vipi. Kuuliza si ujinga. Lakini wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na mimi nasema haliachi kazi pia.

Kabla Gona hajazaliwa niliuza hina soko la Malindi miaka sita. Ulikuwa hujui. Rangi ya chupa inakaa juu ya ukucha kama bati. Hina inaingia ndani yake, na maji yanapita. Wale wanawake wa mji walikuwa wakinunua kwangu na kunieleza, na mimi nilikuwa na masikio. Nyuma ya zizi bado nina mihina miwili. Nimechuma, nimeanika kivulini kwa sababu jua linaua rangi, nimetwanga, nimechekecha mara mbili kwa kitambaa. Mfuko ndio huo. Ichanganye na maji ya ndimu na chai nyeusi iliyopoa, uifunike, uiache mpaka usiku upite. Ukiipaka mapema itakupa rangi ya karoti na watu watakucheka.

Usidhani nimekubali kazi yako. Nataka urekebishe ulichoharibu Shela.

Mavyaa wako,
Kahonzi


Maweni, Malindi,
14 Oktoba 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo mara nyingi. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na kuku wako wasomaji. Hapa mimi mzima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mwezi wote nimekuwa nikijaribu hina, ukucha baada ya ukucha. Hina yako ni kali! Wiki ya kwanza nilipaka ukucha mzima, ukawa mwekundu kama tofali, basi. Hilo kila mtu anajua kulifanya. Mimi nilitaka ua langu. Nikajiuliza, kama siwezi kuchora juu ya hina, je, nikiizuia isifike mahali fulani? Nikayeyusha mshumaa, nikachovya kichwa cha pini, nikadondosha nukta tano za nta juu ya ukucha mkavu. Nikapaka hina juu yake. Asubuhi nikaibandua nta na chini yake ukucha ulikuwa mweupe, ua zima limetokea. Mama, nilipiga kigelegele peke yangu chumbani, jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Jaribu wewe nyumbani, si kazi ngumu. Kwanza loweka vidole kwenye maji ya vuguvugu yenye ndimu na chumvi kidogo. Kijiti laini kizungushie pamba, uisukume ile ngozi ya shina la ukucha taratibu, usiikate. Ukingo usugue kwa ubavu wa kibiriti, kuelekea upande mmoja tu, ukienda na kurudi ukucha unapasuka. Kausha sana, mafuta yakibaki hina haishiki. Ukitaka mwezi mchanga, kata plasta ya kidonda iwe duara dogo, ibandike kwenye shina. Ukitaka mistari, zungushia uzi. Ndipo upake hina nene, ufunge kitambaa, ulale nayo.

Nilikwenda Shela kwa miguu yangu. Bi Khultum aliniweka barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kunipa hata maji. Nilipomwonyesha vidole vyangu akasema, "Nianze mimi." Nikampaka. Siku ya pili nilirudi, akaingia kuswali, akatoka, akaniita ndani. Mjukuu wake wa pili anaolewa tarehe 28 mwezi huu na kazi ni yangu.

Lakini tarehe hiyohiyo Mzee Karisa ameniita Marafa, mbele ya wazee. Gona amehama chumba tangu mwezi uliopita, analala kwa rafiki yake, na amenishtaki rasmi. Mama, sitakuja. Nikivunja ahadi ya Shela mara hii sitashika mkono wa mtu tena hapa mjini. Wakitaka waniamue nisipokuwapo. Nisamehe wewe, wao sina haja ya kuwaomba.

Mkaza mwanao,
Nyakio


Marafa,
29 Oktoba 1984

Kwa Nyakio wangu,

U hali gani? Harusi ilikwendaje? Mimi sijambo, sauti tu imekauka, utaona kwa nini.

Walikuja jana wazee watano, na mnazi wakanywa kabla ya kesi. Gona alivaa viatu. Karisa akamwambia, sema kosa la mkeo. Akasema unamdharau. Karisa akauliza, amekwenda na mwanamume? Hapana. Amekunyima chakula? Hapana. Amekutukania mama? Hapana. Sasa kosa ni lipi? Akasema, "Ni zile kucha. Watu wananicheka."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mikono ndani ya leso, mwanamke hasemi mpaka aulizwe. Basi nikainuka kuwapa wazee maji ya kunawa. Karisa alipokinga mikono akaona vidole vyangu vilivyoshika birika. Nilikuwa nimefuata barua yako neno kwa neno, Nyakio. Mkono wa kulia miezi, wa kushoto maua, ila la kidole gumba lilipinda. Karisa akashtuka akamwaga maji. "Shemeji, nini hiyo?"

Nikasema: "Hizi ni kucha zangu. Nimepalilia kwazo shamba la ndugu yako na kumenya mihogo yenu miaka thelathini, zikavunjika, zikaingia matope, mbili zikang'oka kabisa, na hakuna aliyewahi kuziitia kikao. Leo zimependeza ndipo wazee watano wamekuja?"

Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Gona akasimama akasema, "Mama, chagua, mimi au yeye." Nikamwambia wewe nimekuzaa, hapo sina la kuchagua. Lakini wazazi wa mkeo niliwaambia nitamtunza kama mwanangu, na sikuwaambia nitamtunza mpaka siku wewe utakapokasirika. Tulipigizana kelele mpaka kuku wakakimbia.

Karisa amesema hana kesi ya kukata. Gona amesema atakuja kwako mwenyewe. Akija, mlango ni wako. Ukimfungulia ni mumeo. Usipomfungulia, Mulungu ndiye shahidi wangu, sitakuuliza.

Mavyaa wako,
Kahonzi


Maweni, Malindi,
2 Desemba 1984

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima. Nimeshindwa kukuandikia mwezi mzima, kila nikishika kalamu naiweka chini.

Gona alikuja Ijumaa ya tarehe 16. Nilimfungulia. Nilimpikia pia, akala vizuri. Alisema amefikiri, atarudi nyumbani, na kazi hatanikataza, ila niifanye kwa siri: mchana tu wakati hayupo, mlango umefungwa, nisiende tena majumbani kwa watu, na yeyote akiniuliza niseme siifanyi. Alisema kwa upole, mama. Kwa saa nzima karibu nikubali, kwa sababu nampenda, na kitanda kikiwa na mtu mmoja ni kikubwa mno.

Kisha nikafikiria kumficha mteja ninayemshika mkono, kama kitu cha wizi. Nikamwambia hapana. Nikamwambia sikuiba kitu.

Akakusanya nguo zake na redio. Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, nikanawa uso, nikafungua mlango, wateja wawili walikuwa wanangoja nje na mmoja alinishika bega. Sijuti, mama. Nina uchungu lakini sijuti hata kidogo, na nikirudishwa siku ile nitasema neno lilelile.

Liko jambo moja ndilo linaloninyima usingizi. Akitoka aligeuka akasema, "Na Marafa usikanyage tena. Kule ni kwetu, si kwako." Krismasi miaka yote minne nimeila kwako, nimekuna nazi nawe, nimelala kwenye mkeka wako. Sasa mimi si mke wa mwanao tena na sijui nije kama nani. Ukisema nisije nitaelewa, sitakukasirikia. Niambie tu wazi.

Nyakio


Marafa,
9 Desemba 1984

Nyakio,

Leo sisalimu, mwalimu wa ngumbaru atanisamehe.

Nyumba hii niliiezeka kwa mikono yangu, Gona akazaliwa akaikuta. Hajui hata makuti yake yalitoka wapi. Nimemwambia, na amesikia, na kama hakusikia nitamwambia tena mbele ya watu. Yeye akitaka kuja Krismasi aje, atakukuta umeshafika.

Njoo tarehe 22. Usibishe hodi, wanaobisha hodi ni wageni. Na usiniulize tena swali kama lile, limeniuma kuliko goti.

Mamako,
Kahonzi