Mkate wa Ijumaa

Kwako Baba,

Shikamoo. Pokea salamu za kitinda mimba wako, nikiwa hapa kwenye tanuri lako, ambalo bado linatoa moshi kwa lile tundu ulilokataa kuziba. Goti linaendeleaje? Shangazi anasema umeacha dawa ya kuchua kwa sababu inanuka. Baba, jipake hivyo hivyo. Sisi ni wazima, ila uzima wa siku hizi ni wa kujikaza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Jumapili Rais atapita hapo kwenu, nawe umeombwa useme machache kwa niaba ya wazee, na kwamba utasimama na mkate wangu mkononi, uwaonyeshe wanaolalamikia mikate midogo kuwa mkate wa leo ni ule ule wa zamani. Nilipofika hapo nilikaa chini, juu ya gunia la unga.

Niliikumbuka ile siku alipokuja kuomba kura, hana hata walinzi. Aliingia mpaka ndani, akala mkate wa moto amesimama, unga ukamjaa kwenye koti, nawe ukacheka na kumpangusa kwa mkono wako. Akaapa mbele yako kwamba mkate wa mtu mdogo hautaguswa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikashangilia mpaka sauti ikanikauka. Enzi hizo, Baba! Foleni ilifika kwa fundi viatu, na kila mtoto ulimkatia kipande cha pembeni bure. Ulikuwa ukisema mkate ukipungua, heshima imepungua. Kalibu zako za bati, zile za kuokea mkate, ulizisugua mwenyewe, hukumwachia mtu.

Leo mtu yule yule anatuambia redioni tuvumilie. Mwaka wa tatu huu! Unga ulipopanda bei aliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na juzi akasema wanaolia njaa ni wavivu wasioamka mapema. Mimi, Baba, ninayewasha tanuri kabla jogoo hajawika! Niliirushia redio kitambaa cha kufutia meza. Yule mwalimu jirani yetu, aliyekuwa akichukua mikate miwili, sasa anachukua nusu, na ananiomba nimfungie kwenye karatasi kubwa ili anaokutana nao njiani wasijue. Hilo linaniuma kuliko bei.

Najua utasema nina mdomo kama marehemu mama. Ni kweli. Lakini Shangazi alinieleza ulivyogombana na rafiki yako kinyozi, aliporudi kutoka huku akisema mikate imekuwa midogo. Ulimwekea mkate wangu mbele yake ukamwita mzushi, na mpaka leo hamsalimiani. Siwezi kunyamaza tena.

Baba, kalibu zako nimezikata. Mwaka juzi, maji yalipozidi unga, nilizipeleka kwa fundi bati akazipunguza upana wa vidole vitatu, zote isipokuwa moja. Nililia pale pale kibandani kwake, maskini akaniletea kigoda. Hiyo moja naokea mkate mmoja tu kwa wiki, ule anaokuletea dereva wa basi kila Ijumaa. Hakuna mtu mwingine anayeula. Nilitaka ubaki na mkate wako, basi. Sikujua utaufanya shahidi.

Kinyozi hakuwa mzushi. Mzushi ni mimi, Baba. Nisamehe.

Wiki hii dereva atakuletea mikate miwili: wako, na huu tunaokula sisi. Usimuulize mtu, ushike tu. Mkono wako unajua. Jumapili ukisimama mbele ya Rais, sikufundishi la kusema. Wewe chagua tu utakwenda na upi.

Mwamkie Shangazi kwa niaba yangu. Na ukiweza, kabla ya Jumapili, mpelekee kinyozi kile kipande cha pembeni.

Ni mimi binti yako, mikono imejaa unga.